Barua ya wazi: Minofu ya sangara hupimwa, mtoto wa mwaloni bado

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Afya, Madini, Mazingira na TAMISEMI,
Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali,
Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Kanda ya Ziwa,

YAH: KUPIMA ZEBAKI KWA WAJAWAZITO, NA MAKUZI YA WATOTO WAO, KATIKA VIJIJI VYA UCHIMBAJI MDOGO WA DHAHABU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua ya kiofisi, nami nimeanza hivyo isije ikasemwa barua imekosa adabu. Kuanzia hapa nitaandika kama ninavyoongea.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nina miaka kumi na tisa kwenye kliniki ya baba, mama na mtoto, katika zahanati ya kijiji cha wachimbaji wadogo mkoani Geita. Kijiji sitakitaja. Huku kila mtu anamjua mwenzake, na kinamama nitakaowasimulia hawakunituma niwatangaze.

Jumanne ni siku yetu ya mizani. Wiki chache zilizopita alikuja mama mmoja, nimwite Mama Shija ingawa silo jina lake, ameleta mtoto wa miezi kumi na minane kwa chanjo ya pili ya surua. Mtoto alining'inia kwenye mizani akicheka. Uzito mzuri, mstari wake kwenye kadi haujawahi kutoka kwenye kijani tangu azaliwe. Nikampakatisha mama yake, nikamwaga punje sita za mahindi juu ya khanga. Mtoto wa umri ule huokota punje moja moja, kwa kidole gumba na cha shahada, na ukizubaa anaitia mdomoni. Huyu alizikumba kwa kiganja kizima. Zikamponyoka, akazikumba tena. Nikamwita kwa nyuma, akageuka upesi, kwa hiyo masikio ni mazima. Nikauliza anasema maneno gani.

"Bado, nesi. Kwao wanachelewa. Hata baba yake alichelewa."

Nikauliza shughuli ya nyumbani. Yeye anaponda mawe kwa watu wenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Jioni mume wake huja na kile kidonge cheupe cha zebaki iliyokamata dhahabu, wanakichoma juu ya kijiko kwenye jiko la mkaa, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi. Chumba ni kimoja. Alipokuwa na mimba ya mtoto huyu, aliyekuwa akipepea jiko ni yeye. Zebaki yenyewe hukaa kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, juu ya boriti. Na mboga? Mara dagaa, mara mapanki, na mara nyingi kambale wadogo ambao vijana huwavua kwenye madimbwi yaliyo chini ya mialo ya kuoshea dhahabu, kwa kuwa hao hawana bei.

Nilijaza uzito, nikajaza chanjo. Habari ya punje za mahindi niliiandika kwenye daftari langu la nyumbani, ambalo hakuna mkaguzi anayelikagua.

Waheshimiwa, sisemi kwamba mtoto wa Mama Shija ameharibiwa na zebaki. Mtoto anayekumba punje kwa kiganja naweza kumpata kwa mama aliyekaa na uchungu siku mbili akakosa gari la kumfikisha hospitali ya wilaya. Naweza kumpata kwa aliyeugua malaria ikampanda kichwani, kwa aliyekosa damu, kwa aliyevuta vumbi lenye madini ya risasi. Kwa macho hakuna bingwa wa hospitali yoyote anayeweza kuwatenganisha, na ndiyo sababu ya barua hii. Naomba kipimo. Sijaomba operesheni ya kukamata watu wala mabango mapya.

Kwanza nieleze zebaki inavyomfikia mtoto aliye tumboni, kwa sababu nimekaa kwenye semina ambazo hata wakufunzi waliichanganya.

Zebaki anayoichoma mume wa Mama Shija hupanda kama moshi usioonekana. Anayeuvuta hupata madhara kwenye mapafu, figo na mishipa ya fahamu, na moshi huo huvuka kondo la nyuma. Hiyo ni njia moja. Njia ya pili ni ya polepole. Zebaki iliyomwagika na maji ya kuoshea hushuka hadi kwenye tope la mto au dimbwi, pale chini pasipo na hewa. Humo kuna vijidudu ambavyo huigeuza kuwa kitu kingine, zebaki ya methili. Hii haina moshi, haing'ai, haibingiriki kiganjani. Huingia kwenye mimea midogo ya majini, ikaingia kwa samaki anayekula mimea hiyo, kisha kwa samaki anayemla samaki mwenzake, na kila hatua huongezeka. Kambale na sangara mkubwa wako juu kwenye ngazi hiyo. Dagaa yuko chini.

Mama akimla samaki huyo, karibu zebaki yote ya methili iliyomo hupita tumboni na kuingia kwenye damu. Mwili huipokea kwa sababu ikishashikana na chembe za protini hufanana na kirutubisho ambacho ubongo unakihitaji, kwa hiyo hufunguliwa mlango kama mgeni wa heshima. Kondo la nyuma nalo huifungulia. Tena damu ya kitovu cha mtoto hukutwa na zebaki hiyo kwa wingi kuliko damu ya mama mwenyewe, yapata mara moja na nusu hadi mara mbili. Ndiyo maana mama anaweza kuwa mzima kabisa, anaponda mawe kutwa, na mzigo ukawa umemwangukia aliye tumboni, wakati ule ule seli za ubongo wake zinaposafiri kwenda kila moja mahali pake.

Haya si maneno ya kukisia. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki ya methili kwenye ghuba ambayo wavuvi walikuwa wakila samaki wake. Ugonjwa ulitangazwa rasmi Mei 1956. Paka walikuwa wamekwisha kuonekana wakiyumba na kujitupa baharini. Kiwanda kiliendelea kumwaga maji yake hadi 1968. Kati ya waliozaliwa miaka hiyo walikuwamo watoto ambao hawakuwahi kutia samaki mdomoni, na bado walikuwa hawawezi kukaa, kumeza wala kusema, huku mama zao wakiwa na dalili ndogo au hawana kabisa. Madaktari wa wakati huo walikuwa wakiamini kondo la nyuma ni ngome ambayo sumu haipiti. Kinamama wa Minamata ndio walioujua ukweli kabla ya madaktari.

Kuna jambo moja la Minamata ambalo halinitoki kichwani, kwa sababu ya kazi yangu. Wajapani wana desturi ya kutunza kipande cha kitovu cha mtoto, kikiwa kimekaushwa, ndani ya kisanduku kidogo. Miaka mingi baadaye watafiti, akiwamo daktari Harada Masazumi, waliviomba vitovu hivyo na kuvipima, wakakuta zebaki ya miaka ile bado imo. Ushahidi ulikuwa umekaa kabatini. Sisi kitovu tunakizika. Mtu akitaka kusema kwao ni wapi husema ndipo kilipozikwa kitovu chake. Hakuna atakayekuja mwaka 2050 kufukua vitovu vya watoto wa Geita. Zebaki isipopimwa sasa, mama akiwa na mimba, ushahidi umekwenda.

Na msisubiri watoto wetu wafanane na wale wa Minamata ndipo mwamini. Kwa kipimo kidogo cha sumu, kinachopungua ni kidogo: neno linachelewa, mkono unakosa wepesi, mtoto wa darasa la pili hawezi kushika maagizo matatu kwa pamoja. Mwalimu atasema ni mzito. Bibi atasema amerogwa. Ukimwangalia mmoja huoni kitu. Ukiwapanga mia tano na ukawa na vipimo vya mama zao mkononi, ndipo unaona.

Ndivyo walivyofanya kwenye Visiwa vya Faroe, kaskazini ya mbali, ambako watu hula nyama ya nyangumi. Philippe Grandjean, Pál Weihe na wenzao walichukua damu ya vitovu vya watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa 1986 na 1987, wakawasubiri. Walipofika miaka saba waliwapima 917 kati yao. Waliozaliwa na zebaki nyingi zaidi walikuwa nyuma kidogo katika lugha, kumbukumbu na kuzingatia jambo. Hawa ni watoto ambao ukipishana nao barabarani huwezi kujua wana tatizo.

Karibu na kwetu, Ushelisheli, majirani zetu wa Bahari ya Hindi wanaokula samaki hata mara kumi na mbili kwa wiki, uchunguzi mwingine ulifuatilia mama na watoto 779 kuanzia 1989. Nywele za mama hao zilikuwa na zebaki karibu mikrogramu 7 kwa gramu. Kiwango ambacho wengi hukitumia kama mstari wa tahadhari ni mikrogramu 1. Lakini watoto wa Ushelisheli walipimwa mwaka baada ya mwaka na hawakuonyesha madhara ya wazi kama ya Faroe. Wataalamu wamebishana sana: wengine wakasema nyama ya nyangumi ina sumu nyingine pamoja na zebaki, wengine wakasema mafuta mazuri ya samaki wa baharini yanamkinga mtoto.

Mimi ugomvi wao sitauamua. Ninachokiona ni kwamba visiwa viwili, chakula tofauti, majibu tofauti. Basi ni kwa mantiki gani majibu ya Geita yaazimwe Faroe au Ushelisheli? Mtoto wa Geita anavutishwa moshi wa kuchoma, anakula kambale wa dimbwini, anaugua malaria, na vumbi analochezea lina sumu ya aseniki. Hakuna kisiwa chenye mchanganyiko huo.

Kwa haki niseme kwamba kazi imekwisha kuanzwa na Watanzania wenyewe. Watafiti wa chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Calgary cha Kanada, waliwaandikisha wajawazito zaidi ya elfu moja Kanda ya Ziwa kuanzia 2015, wengine wa vijiji vya dhahabu na wengine wa vijiji visivyo na dhahabu. Zebaki waliipima kwenye matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, aseniki kwenye mkojo. Wa vijiji vya dhahabu walikutwa na viwango vya juu zaidi vya vyote viwili, na baadhi ya watoto wao walifuatiliwa makuzi kabla hawajatimiza mwaka. Kwa hiyo asije mtu akatuambia haiwezekani. Imewezekana. Tofauti ni kwamba utafiti una mwanzo na mwisho, fedha zikiisha gari linaondoka. Jumanne haiishi.

Huku kwetu neno mwalo lina maana mbili. Kuna mwalo wa samaki, pale mitumbwi inapotia nanga, na kuna mwalo wa dhahabu, pale udongo unapooshwa. Sangara anayetoka kwenye mwalo wa kwanza akienda kiwandani hukatwa minofu, na minofu hiyo kabla haijapanda ndege kwenda Ulaya iko chini ya utaratibu wa kupimwa zebaki: isizidi miligramu 0.5 kwa kilo. Nyegezi, Mwanza, kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Tangu Ulaya walipoufunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999, kila mwenye kiwanda anajua karatasi ya maabara ina thamani gani. Mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, hurudi kwetu. Mlaji wa minofu, aliye maili elfu kadhaa kutoka hapa, amelindwa kwa kipimo. Mlaji wa mapanki, mwenye mimba ya miezi saba, amesimama mbele ya dirisha langu na kadi ya kliniki ya wajawazito, RCH 4, na ninampima malaria, VVU, kaswende, wingi wa damu, presha. Hapo ndipo vipimo vyangu vinapokomea.

Naomba hapa nisieleweke vibaya, maana habari kama hizi zikitoka huwa zinageuzwa na mitandao kuwa "samaki wana sumu". Vipimo vingi vilivyochapishwa vya samaki wa Ziwa Victoria lenyewe viko chini ya kikomo hicho cha 0.5. Dagaa ni mboga bora kwa mjamzito, sato pia, na mama akiacha samaki kwa hofu akabaki na ugali na mlenda, mtoto wake atakosa virutubisho vinavyojenga ubongo ule ule tunaotaka kuulinda. Madimbwi na vijito vilivyo chini ya mialo ya dhahabu ni habari nyingine, na ndivyo vinavyohitaji kupimwa kimoja kimoja. (Wenzetu wa Pwani nao wakae wakijua papa na nduaro wako juu kabisa kwenye ngazi niliyoieleza. Viwango vya kimataifa vya chakula vimewawekea kikomo chao peke yao, kwa papa ni miligramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kilo. Papa ng'onda kwa mjamzito kila siku si jambo la kulifurahia. Lakini hiyo ni barua ya mtu mwingine.)

Sasa kuhusu kupima kwenyewe. Kitabuni ni rahisi. Nywele hukua yapata sentimita moja kwa mwezi, na zebaki ya methili ikishaingia kwenye unywele haitoki, kwa hiyo sentimita tisa kutoka kwenye ngozi ya kichwa ni daftari la mimba nzima. Unakata kifungu chembamba kisogoni, unakifunga uzi kuonyesha upande wa ngozi, unakitia kwenye bahasha. Hakihitaji barafu wala jokofu. Nani asiyependa kipimo kama hicho?

Asiyependa ni mtu wa huku. Huku kwetu nywele ya mtu si taka. Msusi akimaliza kazi, mteja mwenye akili hukusanya nywele zake mwenyewe na kuondoka nazo. Kucha ni hivyo hivyo. Miaka kadhaa iliyopita walikuja wataalamu, sitasema wa taasisi gani, wakataka nywele za wajawazito. Walishuka kwenye gari na mikasi. Kinamama walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Aliyeokoa siku ile ni mhudumu wetu wa afya wa kijiji, mama mtu mzima, aliyefungua kilemba chake akasema, "Anzeni na mimi, nimeshazaa wangu wanane, mkiniroga hamna hasara." Wakacheka, nikafuata mimi, wakafuata wao. Tukajaza bahasha.

Majibu ya bahasha hizo hayajarudi hadi leo. Si ya kijiji, si ya mama mmoja mmoja. Labda yameandikwa kwenye jarida zuri la nje. Kinamama wananiuliza mimi, siyo wao waliokuja na gari, na yupo aliyejifungua mtoto mfu mwezi uliofuata ambaye mpaka leo hanisalimii. Kama kuna jambo moja katika barua hii linalostahili kuandikwa kwa wino mwekundu, ni hilo: msipime mtu kama hamtamrudishia jibu lake, kwa Kiswahili au Kisukuma, kwa mdomo wa mtu anayemfahamu.

Tena nywele zina kasoro yake kwenye vijiji vya dhahabu. Mama anayekaa kwenye chumba cha kuchomea, moshi humganda kichwani kwa nje, na maabara inaweza kudhani amekula alichovuta. Dawa za kulainisha nywele nazo huvuruga kipimo. Kwa hiyo ushauri wangu, na nitakubali kusahihishwa na Mkemia Mkuu, ni kwamba wanaochoma wapimwe mkojo, ambao ndio unaoonyesha zebaki ya moshi; na wote wachukuliwe tone la damu kwenye karatasi, ambalo huonyesha zaidi inayotoka kwa samaki. Karatasi hizo tunazo. Ndizo tunazotumia kupima VVU kwa vichanga wa mama wenye maambukizi. Bahasha ipo, pikipiki inayozikusanya ipo, maabara inayozipokea Mwanza ipo. Ofisi ya Mkemia Mkuu ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza hapo hapo. Hatuombi barabara mpya, tunaomba bahasha moja zaidi kwenye mkoba uliokwisha kubebwa.

Na makuzi yapimwe kwa nini? Kwa kifaa kilichotengenezwa Afrika. Malawi walitengeneza kipimo cha makuzi ya mtoto ambacho kilichapishwa mwaka 2010, kina vipengele 136 katika mafungu manne: mwili mzima, mikono, lugha, na kuishi na watu. Hakimuulizi mtoto wa kijijini juu ya picha ya theluji. Watafiti wa Bugando walikitumia kwa watoto wa huku huku. Mtoto wa Tanzania huja kliniki miezi tisa kwa surua ya kwanza, na miezi kumi na minane kwa surua ya pili. Siku hizo mbili zingetosha kuanzia. Mama amekwisha kuja, amekwisha kupanga foleni, na mtoto yuko macho.

Msichague vijiji vya dhahabu peke yake. Chukueni na kijiji cha wavuvi kisicho na uchimbaji, Ukerewe kwa mfano, na kijiji cha wakulima mbali na ziwa. Bila hao wa kulinganisha nao mtajikuta mnaipa zebaki lawama za malaria, au malaria lawama za zebaki. Na mpimeni mtoto madini ya risasi na wingi wa damu siku hiyo hiyo, kwa sababu hiyo hiyo.

Najua nitaulizwa: ukishajua, utamfanya nini, na dawa haipo? Ni kweli, ubongo wa mtoto ulioguswa na zebaki ya methili haurudishwi na sindano. Lakini mama ana dawa, nayo ni muda. Zebaki ya methili iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa yapata siku hamsini mtu akiacha kuiongeza. Binti anayefikiria kuolewa mwezi wa kumi na mbili, akijua leo kwamba dimbwi lile lina samaki wabaya, akahamia kwenye dagaa, na jiko la kuchomea likatoka chumbani, anaingia kwenye mimba akiwa na damu nyingine. Na mtoto aliyechelewa kusema anasaidiwa na kuchezewa, kuongeleshwa na kuimbiwa mapema. Serikali yenyewe ilizindua Desemba 2021 programu ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Huyu wa Mama Shija ndiye hasa mtoto wa programu hiyo. Anachokosa ni mtu wa kumtambua.

Jingine nitakaloulizwa ni fedha, na sina la kujibu zaidi ya kusema kwamba masoko ya madini yaliyoanzishwa tangu 2019 yanapima dhahabu ya kijiji chetu hadi nukta ya gramu ili mrabaha usipotee. Mizani nzuri tunayo, basi.

Kuhusu sheria sina haja ya kuwafundisha. Tanzania iliusaini Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka ule ule ulipopitishwa, 2013, na kuuridhia 2020. Kiambatisho chake cha tatu, kinachohusu uchimbaji mdogo wa dhahabu, kinataka mpango wa kila nchi uwe na mkakati wa afya ya jamii: kukusanya takwimu za afya, kufundisha watumishi wa afya, na kuelimisha watu kupitia vituo vya afya. Kinataka pia wanawake wajawazito na watoto wakingwe, na uchomaji wa wazi kwenye makazi ukomeshwe. Kukusanya takwimu za afya. Naona kama neno hilo liliandikwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye dirisha langu.

Ila tafadhali, mkija kukusanya, msije na askari. Zebaki ikikamatwa mwaloni haiishi, huhamia chini ya vitanda, na anayelala kwenye kitanda hicho ni mjamzito. Mama Shija asingeniambia habari ya kijiko na boriti kama angedhani kesho yake mume wake atakuwa mahabusu. Njooni na chombo cha kunasa moshi, kile cha kufunika kidonge kinapochomwa, kwa bei ambayo mwenye duara (shimo la dhahabu) mbovu anaweza kuimudu, na mkiweke nje ya nyumba, kwenye mwalo, mahali ambapo watu hawataibiwa. Hilo wanaume wa huku watalikubali, kwa sababu zebaki inayonaswa hutumika tena.

Wakati mnashauriana, mimi nitaendelea na punje zangu za mahindi na daftari langu. Limebakiza kurasa kumi na moja.

Atakayetumwa kuja, aje Jumanne, na afike kabla ya saa nne, maana baada ya hapo kinamama huwa wamekwisha kwenda kwenye makarasha. Asishuke na mkasi mkononi. Na huo mkasi aje nao wake. Wa kwangu ni wa kukatia vitovu, sitaki uguse nywele.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga,
Kliniki ya baba, mama na mtoto,
Geita